Aliyekata Kipande Chake Mwenyewe

Saa moja kasoro robo asubuhi, chumba cha mwisho cha maabara ya hospitali kina mtu mmoja. Kabla ya kuwasha mashine anafumba macho, anamwomba Mungu mkono usiotetemeka. Kisha anazungusha mpini, na wembe unatoa utepe mwembamba wa nta. Anauweka juu ya maji ya uvuguvugu, unatandazika, anauopoa kwa kioo chembamba.

Ndani ya nta hiyo mna nyama ya utumbo wa mtu asiyemjua. Amekata hivi miaka ishirini na miwili, vipande arobaini kwa siku. Wenzake wanamwita Wembe.

"Unywele mmoja nitaupasua mara ishirini," anasema. "Kuongea na watu ndiko kunanishinda."

Vipande hutiwa rangi, halafu daktari huhesabu kwa darubini seli za kinga, yaani askari wa mwili, waliouzingira uvimbe wa saratani. Wakiwa wengi, mara nyingi mgonjwa ana nafasi nzuri. Wakiwa wachache, daktari hufikiria kuongeza matibabu.

Mwezi uliopita uvimbe ulikuwa wake mwenyewe. Alipasuliwa, na nyama yake ikamsubiri wiki tatu kwenye nta, maana mkataji mwingine hakuna.

"Nilipoona namba yangu ya mgonjwa kwenye ile nta, mkono ulitetemeka. Nikakata nene."

Kipande kinene hubeba seli zilizolaliana, na jicho huzihesabu zote. Daktari alipata mia nne na kumi, akaja mwenyewe na habari.

"Mzee Wembe, askari wako wamejaa kama foleni ya sukari. Nenda kapumzike."

Alipumzika siku mbili chumbani kwake. Hakumwambia mtu yeyote. Mke hana, mtoto hana, na dada yake mkubwa hawajasemeshana tangu msiba wa mama yao, mwaka wa sita huu. Siku ya tatu alirudi kwa daktari.

"Kile kipande ni kinene, Daktari."

"Nani kasema?"

"Aliyekikata."

"Ungenyamaza nisingejua."

"Ningejua mimi."

Akakata upya. Hesabu ikashuka hadi mia moja na themanini. Daktari akasema dawa ya mshipani ianze Jumatatu, kwa miezi sita.

Alipewa fomu, akaijaza yote isipokuwa mstari wa ndugu wa karibu. Muuguzi akamrudishia.

"Baba, hapa hapaachwi wazi. Ukizidiwa nimpigie nani, mwenye nyumba?"

Fomu hiyo sasa imekunjwa mfukoni mwa koti lake jeupe. Jumamosi ataipeleka kwa dada yake, bila kupiga simu kwanza.

"Simu ataikata," anasema, akifuta wembe kwa kitambaa. "Nikisimama mlangoni atanifokea tu. Nitamwacha afoke mpaka achoke. Akishachoka atauliza mbona nimekonda, na hapo nitamwomba kalamu."