Mwaka Nilioishi kwa Herufi Moja

Nilikuwa mtu mzima, nina ndevu na baiskeli, nilipoamini kwa moyo wangu wote kwamba katika mtihani wa Kifaransa mtahini huangalia jina lako kwenye orodha, hushika herufi yake ya kwanza, na kukuuliza maneno yanayoanza na herufi hiyo tu. Unaitwa kwa A, utaulizwa ya A. Unaitwa kwa T, utaulizwa ya T, na nyingine zote hazikuhusu. Jina langu sitalitaja hapa, lakini herufi yake mtaichoka kabla sijamaliza.

Habari hiyo niliipata kwa shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Yeye alikuwa amepita mtihani mwaka uliotangulia, akapewa kazi ya kutunza ghala kwenye mgodi wa dhahabu upande wa Salamabila, na alipokuja Kasongo kwa likizo alikuwa amevaa soksi. Jua la Kasongo mnalijua. Mtu anayevaa soksi chini ya jua lile huwezi kumbishia.

"Shemeji, sikia," aliniambia. "Jina yangu inaanza na P, si vile?"

"Ni vile."

"Basi. Muzungu aliniuliza porte, ni mulango. Akaniuliza papier, ni karatasi. Akaniuliza plume, ni kalamu. P, P, P. Sasa fanya hesabu wewe mwenyewe, mimi nisikumalizie akili."

Nilifanya hesabu, na usiku ule nililala usingizi wa mtu aliyeonyeshwa mlango wa nyuma wa serikali.

Tena si kwamba nilikuwa nausaka mtihani kwa kupenda karatasi. Wakati ule nilikuwa nabeba robota za pamba kwenye kiwanda cha kuchambulia pamba hapo Kasongo. Kwetu ni Wamaza, nilikuja mjini kwa miguu yangu, na kwa miaka miwili mabega yangu yalibeba pamba ya kutosha kuvalisha Ubelgiji mzima pamoja na ng'ombe wake. Nikampenda binti wa mwenye duka mmoja, wa zile familia za Kiislamu za mjini ambazo babu zao walikuwa wakisoma na kuandika kabla Mbelgiji hajajua njia ya kufika kwetu. Nikatuma watu. Mzee akawapokea vizuri, akawapa chai, kisha akaniita mimi mwenyewe.

"Mwanangu, sina neno juu yako," akasema. "Mabega nimeyaona. Sasa nionyeshe kichwa. Lete cheti cha shule ya jioni. Nitangoja mpaka mtihani wa mwaka huu, kwa sababu iko mutu wa Kindu ameniandikia mara mbili, na mwandiko wake ni mzuri."

Huo mwandiko wa mtu wa Kindu uliniuma kuliko jino.

Shule yetu ya jioni ilianza king'ora cha kiwanda kikishalia. Tulikuwa watu kumi na wawili na mwalimu mmoja, mtu mwembamba, mpole, aliyekuwa akifundisha watoto asubuhi na baba zao jioni, na aliwahi kusema watoto wanashika upesi zaidi. Siku ya kwanza alituambia: "Anzeni na maneno ya karibu. Yaliyo nyumbani, jikoni, mwilini, mezani. Neno unalolishika kwa mkono ndilo la kwanza." Tukaitikia wote kwa pamoja. Kisha nikawaambia wenzangu siri ya shemeji, na tangu jioni ile mashauri ya mwalimu yalipita juu ya vichwa vyetu kama moshi.

Kamusi ya shule ilikuwa moja tu. Mchwa walikuwa wamekula gundi ya mgongo wake, kwa hiyo ilikuwa imegawanyika mafungu mafungu, na mwalimu alitukopesha fungu moja moja tukanakili nyumbani. Mpango wake ulikuwa tubadilishane kila Jumamosi. Hakuna aliyebadilisha. Kila mtu alishika fungu la herufi yake kama hati ya shamba. Mwalimu aliposema, "Wewe sasa chukua la S," mwenye B alikumbatia karatasi zake na kujibu kwamba bado hajazimaliza. Mwalimu alimsifia bidii mbele yetu wote.

M ni herufi nzito. Fungu lake nililibeba kwa mikono miwili. Nilijifunza maneno ya M njiani, chooni, chini ya robota. Nilijua méridien, mstari unaozunguka dunia ambao hakuna mtu aliyewahi kujikwaa juu yake. Nilijua microscope, kioo cha kuonea wadudu wasioonekana, na marécage, bwawa la matope, na menottes, ambazo ni pingu. Lakini ungeniuliza kiti kinaitwaje, ningekutazama tu. Kiti kiko kwenye C. Kiti kilikuwa kazi ya mtu mwingine.

Huyo mwingine alikuwa Mkristo mmoja wa Lusangi, fundi wa kushona. Mwenye C. Na maskini wa darasa alikuwa mchinjaji wa mbuzi, mzee wa makamo, ambaye jina lake linaanza na Z. Kurasa mbili tu. Zèbre ya punda milia, zéro ya sifuri, zinc ya bati, na takataka nyingine chache. Alizimaliza kabla chai haijapoa, akabaki hana kazi. Sisi tulimwonea wivu mkubwa. Wakati tunatokwa jasho, yeye alikuwa amekaa chini ya dirisha la shule kwenye gogo, upande wa barabarani nje ya kiwanja, anakula mikate ya mchele na kupiga mazungumzo na binti aliyeiuza.

Binti huyo, niseme mapema, ndiye yule yule. Baba yake alikuwa na duka, lakini mikate ya mama yake ndiyo iliyojulikana mjini, na yeye aliiuza pale kila siku alasiri mpaka taa ziwashwe. Mimi nilipita mbele yake kila jioni nikiwa na fungu langu kwapani, nikamsalimu kwa neno jipya.

"Magnifique," nikamwambia siku moja.

"Maana yake nini, yaya?" Yaya kwetu ndiye mkubwa wako, si mlea watoto.

"Kitu kizuri kupita kiasi."

"Mukate?"

"Wewe."

Akafunika uso kwa jani la mgomba, akacheka, kisha akaniuliza kama najua kusema mkate kwa Kifaransa. Nikamjibu kwamba hilo si neno la daraja langu.

Kwenye kiwanja cha shule ilikuwa ni marufuku kusema Kiswahili. Ukisema, unavishwa kibao shingoni mpaka mwingine akosee. Sasa jioni moja mbuzi wa yule mchinjaji, aliyefungwa pale akingoja kesho yake, alikata kamba akaanza kula shati la mwalimu lililoanikwa kwenye uzio. Mwalimu alikuwa ndani, ametupa mgongo. Tulimwona mbuzi sote. Habari ilitakiwa ifike kwa Kifaransa, na habari ilikuwa imegawanyika.

Mwenye C akaleta chèvre, mbuzi. Hapo ikanibidi mimi, nikatoa mange, anakula. Chakula chenyewe, chemise, shati, kikarudi tena kwa mwenye C, lakini kwa furaha ya kusikia mchango wangu alikuwa amelisahau, akaanza kulitafuta kwenye daftari lake. Ilibaki kusema ni la mwalimu, na hilo tukabishana ni la herufi gani. Nawaambieni ukweli, tulisimama pale muda wa mvua mbili kunyesha na kukauka. Mbuzi alimaliza mkono wa kulia, akapumzika, akaanza wa kushoto. Mwenye Z alikuwa amesimama pembeni na zinc yake mdomoni, hana la kuchangia. Mwishowe akaingia kiwanjani, akamshika mbuzi masikio, akasema kwa Kiswahili safi: "Mwalimu, nyama yangu inakula nguo yako." Akavishwa kibao. Alikivaa siku tisa bila kujali, kwa sababu alikuwa nje chini ya dirisha muda wote.

Siku ya mtihani mtahini alifika kutoka Kindu, mzungu mwenye masharubu ya rangi ya mahindi. Tuliingia mmoja mmoja. Nilivaa koti la shemeji, na soksi zake.

Mezani palikuwa na karatasi, kalamu, glasi ya maji, kisu, na sahani yenye mkate wa mchele umeumwa upande mmoja. Mzungu akanyoosha kidole kwenye kiti. Nikatabasamu, nikingoja aangalie orodha kwanza. Hakuangalia. Kidole kilibaki palepale.

Kiti. Jasho likanitoka mpaka kwenye soksi. Nikatafuta ndani ya M yote, kutoka mwanzo mpaka mwisho, kama mtu anayetafuta sindano ndani ya robota. Nikapata meuble, yaani chombo cha nyumbani.

"Meuble," nikasema.

Akatikisa kichwa kidogo, hakukataa. Akaonyesha meza.

"Meuble."

Akaonyesha kabati.

"Meuble."

Akaniangalia. Akainua kalamu. Nikaona mkono ulioishika, nikasema main, mkono. Akaonyesha dirisha. Namshukuru Mungu nzi alikuwa ametua pale, nikasema mouche, nzi, kwa sauti ya ushindi. Nzi akaruka. Akaonyesha dirisha tena. Nikasema mur, ukuta, kwa maana ukuta ulikuwa jirani. Akaonyesha glasi, nikasema mouillé, yaani imelowa. Akaonyesha mkate, nikasema manger, kula. Akajishika masharubu akiwaza, na mimi bila kuulizwa nikapiga kelele moustache.

Mzungu akaweka kalamu chini. Akaniuliza polepole, kwa Kifaransa, kama kweli sijui maneno mengine.

"Mais oui, Monsieur," nikamjibu, ninayajua, bwana. Nayo, kama mnavyoona, ilianza na M.

Alicheka mpaka akanywa maji yote ya kwenye glasi. Kisha akaandika kitu kifupi kwenye orodha, na nilipopita mlangoni nilijua ni kifupi mno kuwa jina la kazi.

Matokeo yalisomwa jioni ileile. Sikupita. Mwenye C hakupita, ingawa alijivunia kiti na kisu chake. Mwenye B alianguka vibaya. Aliyepita kuliko wote, tena kwa sifa, alikuwa mchinjaji wa mbuzi, mwenye Z. Alisema kiti, meza, dirisha, glasi, kisu, mkate, hata masharubu aliyataja kwa heshima.

Nilikwenda kukaa kwenye lile gogo chini ya dirisha. Cheti changu nilikuja kukipata mwaka uliofuata, nacho hadi leo kimo kwenye kopo la biskuti, lakini jioni ile nilikuwa namwona yule mposaji wa Kindu akinoa kalamu yake. Binti wa mikate alikuwa anakusanya majani yake. Sikumsalimu kwa neno lolote, la herufi yoyote.

"Yaya, umenyamaza," akasema.

"Yule mzee wa Z amepitaje?"

"Alikuwa anakaa hapa. Akaniuliza kitu hiki kinaitwaje, na kile. Nikamwambia."

"Wewe umejulia wapi?"

"Mwaka wa tatu huu nauza chini ya dirisha hii. Mutihani yote naisikia. Mukate ya muzungu ni mimi namupelekea mule ndani."

"Mbona mimi hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Wewe ulikuwa unanifundisha mimi."

Akanisogezea mkate mmoja kwenye jani, wa mwisho, ule unaokuwa umeungua kidogo chini.

"Nimeongea na baba," akasema. "Atangoja mwaka moja tena. Lakini moja tu. Sasa niambie, hayo mambo ya herufi ulipata kwa nani?"

"Kwa shemeji. Yeye ni P. Walimwuliza porte, papier, plume."

Akakaa karibu yangu, akafuta unga kwenye vidole vyake kimoja kimoja, kama mtu anayetaka kusema kitu mara moja tu.

"Chumba ile iko na mulango," akasema. "Karatasi ilikuwa juu ya meza. Kalamu, muzungu alikuwa nayo mu mukono. Kila mwaka anauliza vitu anaona mbele yake, ni hivyo tu."