Pikapu Yenye Herufi za Zamani

Nilianza kazi ya kupiga taipu katika duka la magari pale Singida mjini miaka michache baada ya uhuru. Duka lilikuwa la Mhindi mmoja aliyezaliwa palepale mjini, aliyeongea Kinyaturu vizuri kuliko wadogo zangu. Kazi yangu kubwa ilikuwa fomu za usajili. Gari likinunuliwa, mimi ndiye niliyejaza jina la mwenye gari, kijiji chake, rangi ya gari na namba ya injini. Fomu ilikwenda Dar es Salaam, na baada ya wiki kadhaa kadi ilirudi na namba. Fundi wetu alipaka herufi nyeupe kwenye kibao cheusi, gari likatoka.

Namba zilifuata alfabeti. Herufi moja ikijaa, inaingia inayofuata. Hata mtu asiyeweza kusoma barua alijua kusoma hilo. Gari likipita kwenye barabara ya Manyoni, alitazama herufi ya mwisho akasema hili jipya, lile la zamani. Ndiyo maana kila herufi ilipokaribia kuisha, biashara yetu ilisimama. Wateja walikuja, wakazunguka magari, wakaniuliza, "Herufi inabadilika lini?" Nikisema sijui, waliniangalia kama ninawaficha. Wakishaondoka, bosi naye aliniangalia vilevile, akiamini nimewanong'oneza wasubiri.

Uani palikuwa na pikapu moja ya kijani. Mteja wa Manyoni aliiagiza, tukaisajili, vibao vikapakwa na kufungwa, halafu hakuja kuichukua. Bosi akabadilisha kadi iwe kwa jina la duka. Herufi ikabadilika, kisha ikabadilika tena. Pikapu ilikuwa mpya kabisa, haijafika hata Unyambwa hapo jirani, lakini kibao chake kilisema ni kongwe. Kila asubuhi fundi aliifuta vumbi, na kila jioni ilikuwa palepale.

Siku moja alikuja mzee mfugaji kutoka upande wa Ikungi, mrefu, amevaa koti zito juu ya shuka. Alitaka pikapu ya kubebea maji na ndama. Nikaandika jina lake na kijiji kwenye daftari la wateja, nikampeleka uani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hii ni ya nani?"

"Ya duka, mzee. Ni mpya."

Aliinama mbele ya kibao, akafuatisha herufi ya mwisho kwa kidole polepole. "Hii niliiona kwenye gari la wagonjwa tangu mvua za mwaka juzi. Lile gari sasa linakohoa. Hili linakuwaje jipya?"

Bosi akaja, akamweleza kwa Kinyaturu habari ya mteja wa Manyoni. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akafungua mlango, akanusa kiti, akabonyeza mpira wa pedali kwa vidole kuona kama umelika.

"Na huyo wa Manyoni," akauliza, "aliona nini mpaka akaiacha?"

"Hakuona kitu, mzee. Mipango yake iliharibika."

"Mimi nikienda nayo mnadani, wataniuliza hivyohivyo. Nitawajibu nini? Hapana. Nitasubiri herufi mpya."

Akaondoka. Nilipogeuka nikamkuta bosi ananitazama. Akaniuliza mzee yule ni ndugu yangu wa ukoo gani. Nilimwambia si ndugu yangu. Sidhani kama aliniamini.

Baadaye likaja Azimio, viongozi wakakatazwa kujilimbikizia mali, na mambo ya magari yakageuka. Watu wenye vyeo hawakutaka tena kuonekana na gari binafsi jipya. Herufi mpya ilikuwa inamtangaza mtu: jana hakuwa na gari, leo analo, amelipata wapi? Wenye mishahara walianza kuitwa manaizi, wanaonenepa kwa vyeo, nyuma ya migongo yao. Magari yenye herufi mpya yakakaa uani, wanunuzi wake wakapotea, na mimi nikaanza kusikia swali ambalo sikuwahi kulisikia: "Hamna yenye namba za nyuma kidogo?"

Ndipo akaja ofisa mmoja wa ushirika. Nilikuwa ninamfahamu kwa sura kwa sababu alipita mara nyingi na gari la kazi. Siku hiyo alikuja kwa miguu, mchana wakati bosi amekwenda kula. Hakuyatazama magari mapya. Alikwenda moja kwa moja kwenye pikapu ya kijani, akasimama kwenye kibao, akatabasamu.

"Hii inanitosha, dada. Lakini si yangu. Namnunulia baba mkwe."

Akataja jina na kijiji. Nilikuwa nimeshaandika herufi mbili tatu kabla sijakumbuka. Ni yule mzee wa Ikungi.

"Mzee huyo aliwahi kuiona gari hii," nilisema. "Hakuipenda namba yake."

Tabasamu likapungua. "Wazee hubadilika. Na hiyo namba msiiguse, ibaki hivyohivyo."

"Atakuja kuweka dole?"

"Nitampelekea karatasi."

Baada ya siku mbili alirudisha fomu ikiwa na alama ya dole gumba, nyeusi, imechafuka pembeni. Niliitazama sana alama ile. Lilikuwa dole la mtu, lakini la nani? Bosi aliyekuwa amekwama na pikapu ile muda wote huo hakutaka maswali. "Andika," aliniambia. Nikaandika.

Miezi michache baadaye wakaja wanaume wawili kutoka ofisi ya mkoa. Walikuwa wapole, na upole wao ndio ulionitisha. Waliomba kuona fomu, wakaiweka juu ya meza yangu.

"Ndugu, huyu mzee unamjua?"

"Alishawahi kufika hapa."

"Basi twende kwake ukatuonyeshe kama ndiye."

Nilipanda gari lao nikiwa katikati. Njia nzima hawakuniuliza kitu, na mimi nilikuwa najipangia majibu ya maswali ambayo hayakuulizwa. Nilijiuliza kama bosi amenitupia mimi lawama. Nilijiuliza kama ofisa amesema nilipewa kitu.

Pikapu ilikuwa imeegeshwa nje ya zizi. Mzee alitoka, tukamwamkia, akatukalisha kwenye vigoda. Mkubwa wa wale wawili akaeleza kwamba wanapita tu kuhakiki magari ya wananchi.

"Hii gari ni ya nani, mzee?"

"Yangu."

"Si ya mkweo?"

"Mkwe wangu ana gari la kazi. Hii ni yangu."

"Mbona ulichukua yenye herufi za zamani, na mpya zimejaa dukani?"

Binti yake, mke wa ofisa, alikuwa amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, na nilimwona akishika mwimo wa mlango. Mzee akanigeukia mimi.

"Binti huyu anajua," alisema. "Nilikwenda dukani nikaikagua mwenyewe. Mlango, kiti, hata pedali. Au siyo, mwanangu?"

Wote wakanitazama.

"Ni kweli," nilisema. "Mzee alikuja, akaikagua mwenyewe."

Yote niliyosema yalikuwa kweli. Sikusema kwamba aliikataa. Hakuna aliyeniuliza, na mimi nilimwangalia yule mwanamke mlangoni nikashindwa kuongeza neno. Wale wawili wakaandika, wakaaga. Tukiwa njiani kurudi, yule mdogo aliniuliza, "Mzee huyo ni mtu wa kwenu kabisa?" Lilikuwa swali lilelile la bosi.

Wiki iliyofuata ofisa alikuja dukani na kilo mbili za sukari zilizofungwa kwenye gazeti. Nilimwambia azirudishe nyumbani kwake. Aliziacha mezani akaondoka. Nikampa mlinzi. Lakini fundi alikuwa ameona, na kuanzia siku hiyo kila nilipoingia uani mazungumzo yalikatika.

Nilidhani habari imeishia hapo. Kumbe nyumbani kwa mzee ilikuwa ndiyo inaanza. Wale watu wa mkoa walipoacha kuulizauliza, ofisa alikwenda kuichukua pikapu yake. Mzee alimkaribisha vizuri, akamchinjia kuku, kisha akamwuliza anachukua pikapu ipi. Ofisa akacheka akidhani ni utani. Mzee akatoa kadi yenye jina lake kwenye mfuko wa koti.

Habari hii nilipewa na binti yake mwenyewe, tulipokutana kliniki. Alinieleza kwa sauti ya chini, akiangalia nyuma kila mara. "Baba alimwambia, watu wa serikali walikuja hapa nikasema ni yangu. Unataka niwe mwongo?"

"Na dole gumba lilikuwa la baba?" nilimwuliza.

Alimhamisha mtoto kutoka titi moja kwenda lingine. "Karatasi ililetwa usiku," alisema. "Sikuona."

Mpaka leo sijui. Labda mzee aliweka dole akijua atakachokifanya. Labda hakuweka, akajua kwamba kadi ina jina lake siku ile tulipokaa kwenye vigoda vyake. Ninachojua ni kwamba ofisa hakuweza kushtaki, maana angesema nini? Pikapu ilibeba maji, ikabeba ndama, na watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa mzee alihamisha nayo mabati na nafaka za familia yake, kisha za majirani. Binti yake alihama na baba yake.

Ofisa alikuja dukani mara moja tena, akiwa amehamishwa kazi na anasubiri basi. Bosi hakuwepo. Aliniuliza kama kadi ya gari inaweza kubadilishwa jina bila mwenyewe kufika.

"Haiwezekani," nilimjibu. "Mwenye gari lazima aje."

"Hata kama fomu ina dole lake?"

"Siku hizi lazima aliweke hapa mezani, mbele yangu."

Hapakuwa na kanuni kama hiyo. Nilikuwa nimeitunga wakati huohuo. Alinitazama muda mrefu, na nadhani alijua. Akaomba maji ya kunywa. Nikampa, akayanywa akiwa amesimama, akaweka kikombe juu ya fomu zangu na kutoka kuelekea stendi.