Swali la Tisa

Mwaka ule uandishi ulikuwa umenigomea, nikapata kibarua cha kuwasomea watoto dodoso katika shule moja ya msingi huko Nyakitonto. Lilikuwa la kupima wasiwasi. Mimi nasoma sentensi, mtoto anazungushia jibu lake mwenyewe: kamwe, mara chache, mara nyingi, kila siku. Karatasi hazikuwa na majina, namba tu. Mtaalamu aliyenichukua, muuguzi wa afya ya akili aliyehamishiwa Kasulu kutoka Dodoma, alinionya nisifafanue hata neno moja.

Tulikwenda vizuri mpaka swali la tisa: "Naogopa kulala peke yangu." Kalamu zikasimama.

Binti wa dirishani akanyoosha mkono. "Dada, kulala peke yako ndiyo kukoje?"

"Jibu tu unavyojisikia."

"Sijawahi. Sisi tuko wanne kitandani, na mdogo wetu anakojoa."

Darasa likacheka. Mwingine akadakia, "Kwani wewe dada unalala na nani?"

"Peke yangu."

Kicheko kikakatika. Wakanitazama kama mtu aliyefiwa. "Pole, dada," binti wa dirishani akasema. "Huna hata mdogo wako?"

Nikasoma swali la kumi, lakini moyo ulibaki kwenye la tisa. Nililelewa Kibondo na bibi, kitanda kimoja na binamu wawili. Bibi alinukia moshi na mawese, na nyufa za visigino vyake zilikwaruza. Ukishtuka usingizini hukuwa na haja ya kuita. Ulisogeza mguu, ukakuta mguu. Nami nilinung'unika kila siku, nikitamani chumba changu. Sasa ninacho, nyuma ya soko la Kasulu, chenye kitanda kipana ninachokitumia upande mmoja.

Jioni tulipopanga karatasi, karibu wote walikuwa wameliacha swali la tisa wazi.

"Hili tulitoe," mtaalamu akasema. "Huku halipimi kitu."

Nikamsogezea karatasi moja. Mtoto wa dawati la nyuma alikuwa amesubiri wenzake watoke ndipo akanikabidhi mkononi. Alizungushia "kila siku" mara mbili, kalamu ikatoboa karatasi. Nilimwuliza anakaa na nani. Bibi yake alifariki mvua zilipoanza. Mama yake anauza dagaa Kibondo, hurudi Jumamosi.

"Nakaza mlango kwa mchi," aliniambia, "halafu nakaa tu."

Mtaalamu alipitisha kidole kwenye tundu la kalamu. "Basi linabaki," akasema.

Kesho yake alimpigia simu mama wa mtoto, kisha akaongozana na mwalimu mkuu mpaka kwa jirani. Jirani huyo alikuwa mama yake binti wa dirishani. "Jamani, na mimi namwona kila siku akichota maji," alisema, akijifuta unga mikononi. "Wanne wapo. Wa tano atabanana nao."

Wiki mbili baadaye tulirudi na maswali yaleyale. Kipimo kizuri, mtaalamu alisema, hutoa jibu lilelile. Mtoto wa dawati la nyuma alikuwa amehamia dirishani, akigombania rula na mwenyeji wake. Nilipokusanya karatasi, swali lake la tisa lilikuwa wazi, kama la wengine. Kwa hesabu zetu, hilo lilikuwa jibu lililoyumba. Nililitazama kwa wivu nisioutarajia.

Nilikuwa nafunga begi alipokuja mlangoni.

"Dada, mdogo wao anakojoa kweli." Alisema kama mtu anayesifia ng'ombe wake. Kisha akanitazama. "Na wewe, bado uko peke yako?"

"Bado."

Akafikiri kidogo, akikuna mguu kwa mguu.

"Basi uje kwetu," akasema. "Upande wa ukutani haulowi."