Shilingi ya Njano

Chungu kibichi kinapochomwa hutoa kwanza harufu ya udongo ulionyeshewa, kisha moshi mzito wa majani makavu, na mwishoni harufu ya jivu lililopoa. Hiyo ndiyo harufu iliyonilea, kwa kuwa mama yangu alikuwa mfinyanzi. Alichimba udongo kijitoni, akaukanda kwa miguu, akafinyanga akiwa amekaa chini na miguu ameinyoosha, na kila Alhamisi akabeba vyungu vyake kwenda gulioni. Mimi nilimfuata nyuma na vifuniko. Mwaka ninaousimulia nilikuwa na umri wa miaka tisa. Tulikuwa tumehamishiwa kijiji kipya kando ya barabara itokayo Handeni kwenda Korogwe, tukaacha migomba yetu na makaburi ya babu zetu, tukapangwa mstari mmoja na watu ambao bado tulikuwa tukijifunza majina yao. Kuta za nyumba yetu zilikuwa hazijakauka vizuri. Mvua ilikuwa imegoma, mahindi ya shamba la kijiji yalisimama yakiwa na majani tu, na tulikula unga wa njano wa msaada, ambao ulipikwa ukakubali kuwa ugali lakini haukukubali kuwa chakula. Nikiwakumbuka wazazi wangu wa mwaka ule, nawaona wamekaa. Baba akitoka shambani alikaa kizingitini kabla hata ya kunawa, na mama alimpa maji bila kusema neno. Hawakuwa wamegombana. Walikuwa wamechoka.

Alhamisi moja, gulioni, alifika mzee mmoja wa Kimasai aitwaye Saning'o, aliyekuwa akichunga katika mbuga kavu upande wa magharibi. Tulimfahamu kwa sura, kwani alikuwa amekwisha kununua kwetu mara mbili. Aligonga chungu kwa kidole, akasikiliza mlio wake, akaridhika, akampa mama shilingi moja. Mama alikuwa akimhudumia mtu mwingine. Aliitazama upande mmoja tu, akaona mkono ulioshika mwenge kama ulivyo kwenye kila shilingi, akaifunga kwenye pindo la khanga. Mimi niliuona mkono wa mzee ukitoa, na niliiona shilingi yenyewe. Nilishangaa kidogo kwamba ilikuwa ya njano, lakini mwaka ule mambo mengi yalikuwa mapya, nami nikadhani na shilingi zimebadilishwa.

Jioni mama alinichukua niongozane naye dukani kununua chumvi. Duka la kijiji lilikuwa moja tu, na muuzaji wake, Bwana Hoza, alikuwa mtu makini aliyeogopa sana kuharibikiwa na kazi. Aliigeuzageuza ile shilingi. Rangi yake ilikuwa ya senti ishirini, ile yenye mbuni, na ukubwa wake vilevile. Lakini picha zilikuwa za shilingi, tena zilizidi ukingo, hivi kwamba maandishi ya pembeni yalikatwa katikati. Akamwuliza mama ameitoa wapi. Mama akajibu kwamba ameuza chungu. Hoza hakubishana. Aliifunga kwenye kipande cha karatasi, akafunga duka mapema, akaenda kwa mwenyekiti wa kijiji.

Kesho yake palikuwa na mkutano wa kugawa kazi za shamba, na humo mwenyekiti akainyanyua ile shilingi mbele ya watu wote. Alisema kuna mtu ameleta fedha bandia kijijini. Watu wakanong'ona. Mmoja akakumbuka kwamba mama ana moto mkubwa nyuma ya nyumba, mwingine akasema anayejua kuumba udongo hashindwi kuumba shaba. Mama alisimama, akaeleza kwamba alipewa na Mmasai mnunuzi. Mwenyekiti akauliza nani alishuhudia. Mama akanitazama mimi. Mwenyekiti akaniita mbele, akainama, sura yake ikawa karibu sana na yangu.

"Wewe ulikuwapo. Ulimwona aliyeitoa?"

Nilitazama miguu ya watu. Ilikuwa mingi, yote imeelekea kwangu.

"Sikuona," nikasema.

Mama alipelekwa Korogwe kwa lori la mkaa, mgambo mmoja kando yake. Baba alimfuata kwa miguu bila kuomba ruhusa, na aliporudi aliadhibiwa kuchimba mashimo ya vyoo wiki nzima, kwa kuwa alikosa kazi ya kijiji. Mama alilala kituoni siku mbili akiulizwa maswali yale yale, akajibu majibu yale yale, mwisho wakamwachia kwa sharti kwamba asitoke kijijini mpaka shilingi itakapochunguzwa. Alirudi kwa miguu, nyayo zimepasuka. Siku ya tatu tangu arudi, tulipokwenda kuchota maji, alitua ndoo yake njiani, akaniambia bila kunitazama, "Uliona." Nikasema niliona. Nilingoja kofi, na ningefarijika kulipata. Akasema, "Haya, beba maji," akatangulia. Hakulitaja tena jambo hilo maisha yake yote, nami nilikua nalo.

Kuanzia hapo hakuna aliyenunua chungu chetu. Gulioni mama hakuruhusiwa, na majirani waliokuwa wakija nyumbani wakaacha kuja. Vyungu vilivyokwisha kuchomwa vilikaa ukutani vikivuta vumbi, na kuku akataga ndani ya kimojawapo. Mama aliendelea kwenda shamba la kijiji na kupika ule unga wa njano, lakini kijitoni hakushuka.

Ilikuwa wiki ya nne au ya tano Mzee Saning'o aliporudi gulioni kutafuta chungu kingine. Hakumkuta mama. Alipouliza, wakamweleza, na inawezekana walimweleza wakicheka, maana waliotusimulia baadaye walisema yeye hakucheka, akawauliza njia ya kwenda kwa mwenyekiti. Angeweza kushika fimbo yake na kurudi mbugani. Hakuna ambaye angemfuata huko, na mwaka ule wafugaji walikuwa na sababu nyingi za kukaa mbali na ofisi. Alikuja moja kwa moja, akafika kijijini kwetu alasiri, akaketi kwenye benchi la ofisi mpaka akaitwa. Sisi watoto tulikuwa tumejazana dirishani.

"Shilingi ile niliitoa mimi," alisema kwa Kiswahili chake cha polepole. "Niliipata mnadani, nilipouza mbuzi. Kama ni mbaya, andikeni jina langu. Yule mama alinipa chungu kizuri."

Mwenyekiti alimwuliza kwa nini amejileta mwenyewe. Mzee alionekana kutolielewa swali. Akasema anahitaji chungu kingine, na kama mama hayupo gulioni, atakipata wapi. Waliandika maneno yake, akaweka dole gumba. Kabla ya kuondoka alipita kwetu. Mama alimpa maji na kumchagulia chungu kikubwa kuliko vyote, akakataa kupokea malipo. Yeye akakataa kuondoka bila kulipa. Wakakaa hivyo kitambo, watu wazima wawili waliochoka, mpaka baba akasema alipe nusu. Akalipa nusu.

Maelezo ya mzee na shilingi yenyewe vilipelekwa benki, na kutoka benki vikapelekwa mbali zaidi. Tulisubiri. Mvua ilirudi, tukapanda, mahindi yakatoa mbelewele, ndipo barua ilipokuja. Ilisema shilingi ile ni halali. Huko ng'ambo sarafu zilikotengenezwa, kipande cha madini cha kutengenezea senti ishirini kilikuwa kimeponyoka kikaingia kati ya vipande vya shilingi, kikagongwa mhuri wa shilingi kwa makosa. Mwenyekiti alimwita mama barabarani, akampa ile shilingi ikiwa imefungwa ndani ya barua. Mama akamwomba ayaseme hayo mkutanini, kama alivyosema yale ya kwanza. Akajibiwa kwamba mkutano una mambo mengi.

Mama hakurudi nyumbani. Alinishika mkono tukaenda moja kwa moja dukani. Siku hiyo ilikuwa ya mgao wa sukari, na foleni ilifika hadi nje. Alisimama kwenye foleni kama wengine mpaka zamu yake ikafika, akaweka shilingi ya njano juu ya kaunta, akaomba chumvi na mafuta ya taa. Bwana Hoza aliitazama, akaanza kusema, "Mama Zaina, hii..." Mama akamsogezea barua. Hoza akaisoma moyoni, midomo ikicheza.

"Soma kwa sauti," mama akasema. "Mimi sijui kusoma."

Akasoma. Waliokuwa nje wakasogea mlangoni. Alipomaliza, akafungua droo, akaitumbukiza shilingi humo, akapima chumvi. Hakuomba radhi, wala mama hakumtaka aombe.

Leo mama anaishi nami hapa Masuguru. Vyungu ameacha miaka mingi, tangu masufuria yalipojaa sokoni. Mwezi uliopita mwanangu alinionyesha kwenye simu picha za sarafu kama ile, akaniambia wakusanyaji huzinunua kwa fedha ambazo zingetujengea nyumba. Aliumia kweli, kana kwamba ameibiwa. Mimi niliwaza mengine. Juzi nilikosea namba nikatuma fedha kwa mtu nisiyemjua. Nikapiga simu, na kabla ya jua kuzama zilikuwa zimerudi, pamoja na ujumbe wa kuniomba radhi kwa usumbufu. Mama alisubiri tangu kiangazi hadi mahindi yakatoa mbelewele, kwa kosa la watu ambao hawakujua hata kama yuko duniani. Wakati ule alikuwa na miaka thelathini na kitu. Mimi leo nimekaribia mara mbili ya umri huo, na hulalamika nikikaa nusu saa kwenye kiti cha benki.

Mwanangu alimwuliza bibi yake kama hajutii kuitumia shilingi ile kwa chumvi. Mama alisema hakutaka kuiweka hata siku moja. Alitaka iingie kwenye droo na kuchanganyika na nyingine, asijue tena ni ipi.

"Nilitaka ipokelewe," alisema. "Basi."