Paa Alilolikata Baba

Hasira yangu ilianza na godoro. Lilikuwa la futi nne kwa sita, jipya, bado limo ndani ya nailoni yake, na mtu alikuwa amelisimamisha mlangoni pangu huku mtaani Lindi, Nairobi, asubuhi kabla hata sijapiga mswaki. Lilibandikwa karatasi yenye jina la kijiji chetu cha Magharibi na la mtu wa kulipokea. Nilikuwa nimepanga safari, ni kweli, lakini sikuwa nimepanga kwenda kijijini, na katika watu wetu wote habari za safari hiyo nilikuwa nimempa mtu mmoja tu. Mtu huyo alikuwa baba yangu.

Mimi huendesha gari la shule. Asubuhi huwachukua watoto wa mtaa wa Ayany milangoni kwao, jioni huwarudisha, na shule zikifungwa Agosti hubaki nimekaa bure, mikono inawasha. Mwaka huo niliamua likizo itakuwa ya baba. Yeye anaishi Kawangware 46, chumba kimoja kwenye ploti ya mwenye gareji aliyemfanyia kazi zaidi ya miaka thelathini. Kazi yake ilikuwa kukata mapaa ya magari ya watalii na kuyatia bawaba, mpira na komeo, ili yafunguke na wageni wasimame, vichwa nje, waone wanyama. Ukiona gari la namna hiyo likipita na paa lake limekaa sawasawa, huenda ni mkono wa baba.

Tulikua kwa hadithi zake. Alitueleza jinsi simba anavyolala katikati ya barabara akakataa kupisha gari, na jinsi ndovu wa Amboseli wanavyotoka kwenye kinamasi, chini weusi kwa matope, juu rangi ya vumbi, na mlima umesimama nyuma yao. Pale plotini mtoto akitaka kujua habari za chui alitumwa kwake. Mimi shuleni niliwaringia wenzangu kwamba babangu anawajua ndovu kwa sura, na aliyebisha tulipigana.

Sasa macho yake yanakwisha. Ni presha ya macho. La kushoto limezima kabisa. La kulia linaona katikati tu, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba, na bomba lenyewe linazidi kuwa jembamba. Daktari alituambia kilichopotea hakirudi na matone ni ya kuchelewesha tu, labda mwaka, labda chini ya hapo. Nilitoka pale nikitaka kumpiga mtu. Mzee ametazama moto wa kuchomelea maisha yake yote kwa miwani iliyopasuka, na mimi naambiwa huenda ni mambo ya kurithi.

Basi nikachukua daftari nikapanga. Siku nne: Naivasha kwa viboko, Nakuru kwa vifaru, Bogoria kwa flamingo na zile chemchemi zinazotokota, halafu turudi. Mwenye gareji alikubali kuniazima gari moja la zamani lililobaki uani bila kununuliwa. Paa lake alilikata baba. Nilimwambia baba aiweke siri, kwa sababu watu wetu nawajua.

Mtu wa Magharibi anayeishi Nairobi husafiri kwa sababu mbili, mazishi na Desemba. Gari likielekea upande ule si la dereva tena, ni la ukoo. Litabebeshwa kabati, mabati, mashine ya kushona, na nyanya ya mtu aliyekuja hospitali. Kukataa ni matusi. Na kufika Nakuru, karibu nusu ya njia ya nyumbani, ukageuza, bila kwenda nyumbani kusalimia, ni kama kumpita mamako sokoni ukajifanya hujamwona.

Godoro lilikuwa la senje wangu, dadake baba. Alikuja jioni kuhakikisha limeingizwa ndani lisinyeshewe.

"Nasikia mnaenda nyumbani," akasema, akikaa.

"Hatuendi nyumbani, senje. Tunaenda Nakuru na Bogoria."

"Huko kumekufa nani?"

"Hakuna mtu amekufa. Nampeleka baba aone wanyama."

Alinitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu aliyepoteza akili njiani. "Wanyama si amewaona mpaka wamemchosha? Mtu macho yakiisha anaonyeshwa boma lake. Anaonyeshwa mpaka wa shamba, anaonyeshwa kaburi ya mamake. Wewe unampeleka kuona nyani."

Nilikasirika zaidi kwa sababu maneno yake yalikuwa na maana. Nilimwambia boma baba atalishika kwa mikono hata akiwa kipofu, na shamba atalikanyaga kwa miguu, lakini flamingo hawashikiki. Alijibu kwamba godoro ni la mgonjwa wa mgongo, akajitanda leso yake, akaenda. Wiki ikaisha nikiwa nimeletewa mabati kumi na mawili, kabati la vioo, na habari za kina mama wawili wa kanisani ambao, niliambiwa, walikuwa wanashuka tu Kakamega. Wanashuka tu. Kwamba Kakamega ni kituo cha hapo Olympic, mtu anagonga mlango anateremka.

Nilifuta kila kitu. Nilichana ule ukurasa wa daftari nikaanza upya, na safari hii niligeuza gari kichwa likaangalia kusini. Huko hatuna shamba, hatuna shemeji, hatuna kaburi hata moja. Barabara ya Namanga, kisha tukate kushoto kuelekea Amboseli, tulale usiku mbili nje ya geti, alfajiri tuwe kinamasini ndovu wakitoka. Tena ndio walewale ndovu wake. Niliona nimewaweza wote, na nikampigia baba simu nikiwa nacheka peke yangu.

Yeye hakucheka.

"Huko ni mbali," akasema.

"Si mbali kama Bogoria. Na wewe unapajua. Wewe ndiye utanionyesha njia."

"Sawa, mama," akasema. Huniita mama kwa sababu nilipewa jina la mamake. Aliposema sawa nilisikia sauti yake imelegea, lakini nilikuwa na shughuli za kurudisha mabati ya watu, na kila niliyemrudishia alinipa maneno ya kunitosha mwaka mzima. Senje alikataa kulipokea godoro. Nililiegemeza mlangoni kwake na tangu siku hiyo hatuongei.

Siku mbili kabla ya kuondoka nilikwenda Kawangware kuangalia gari. Nilifungua mlango wa ubavuni nikakuta sakafu tupu. Viti vya katikati, vyote vilivyo chini ya lile paa la kufunguka, vilikuwa vimeng'olewa na kupangwa ukutani. Kilichobaki ni kiti cha dereva, cha pembeni yake, na kile cha nyuma kabisa. Boliti zilikuwa kwenye mkebe wa maziwa, zimepangwa vizuri pamoja na nati na washa zake, na hapo nikajua ni mikono ya nani.

Baba alikuwa kwenye benchi la gareji akinoa patasi isiyokuwa na kazi.

"Nani ametoa viti?"

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Sasa mizigo itakaa wapi?"

"Mizigo gani? Si nimekwambia tunaenda Amboseli? Kumbe uliambia senje makusudi. Ni wewe umeita hawa watu wote."

Alijipangusa mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, bila haraka, na hilo nalo likanipandisha mori.

"Njia ya nyumbani naijua," akasema. "Kila kona naijua. Hiyo ingine siijui, mama."

"Si ulikuwa unaenda na madereva?"

"Sijaenda."

"Amboseli hujaenda?"

"Sijaenda mahali. Madereva walikuwa wanakaa kwa hii benchi wakingoja gari. Wanaongea, mimi nachomelea, nasikia. Jioni nikikuja nyumbani nyinyi mnaniuliza."

Masikio yangu yaliwaka moto. Nilifikiria meno niliyowavunjia watu shuleni. Nilifikiria nilivyowaambia watoto wa Ayany, siku ya kufunga shule, kwamba babangu ndiye atanionyesha ndovu gani ni mkubwa wao. Nilimwambia ni mwongo. Sikulisema chini chini. Nilimwambia mbele ya mafundi wawili waliokuwa chini ya lori, nao wakaacha kugonga. Kumwita mzazi wako mwongo ni jambo ambalo kwetu mtu hulipia, na najua nitalipia, lakini nililisema na sikutaka kulirudisha. Alikuwa tayari kuumaliza mwaka wake wa mwisho wa kuona kwa kubeba makabati ya watu, mradi nisijue kwamba hajawahi kwenda.

"Ungeniambia," nikasema.

"Ningekwambia nini? Ati natengeneza mashimo?"

Mwenye gareji alikuwa hapo uani kwenye kiti chake cha plastiki, anakunywa chai. Ni mzee wa hapohapo. Ardhi ile ilikuwa ya babake, na ploti tatu za mabati zinazofuata ni zake. Hajawahi kutudhulumu. Siku mamangu alipofariki alitoa gari la kusafirisha mwili na hakutaka shukrani. Nilimwendea na hasira yangu ileile kwa sababu ilikuwa bado nzima, sikujua pa kuiweka.

"Mzee, miaka yote hiyo, magari yote hayo, hata siku moja hukumpeleka? Hata hapo Lang'ata, parki ya hapa karibu?"

Alifikiri kwa kweli. Aliweka kikombe chini.

"Hajawahi niuliza," akasema. Halafu, akitaka kumsifu: "Huyu hakuna kama yeye. Tulikuwa tunamfungia ndani ya gari, tunamwaga maji juu ya paa kwa mpira wa maji, yeye anakaa pale chini anaangalia kama linavuja. Hata tone. Gari ngapi, na hata tone."

Alisema bila ubaya wowote. Ningependa angekuwa mtu mbaya. Nilisimama pale nikimwona baba ndani ya gari lililofungwa, miaka thelathini, kichwa ameinua juu, anatazama paa kwa ndani.

Viti nilivirudisha mwenyewe. Sikumwomba anisaidie na hakuniambia niache. Niliingia chini ya gari na kila niliponyoosha mkono nje, spana niliyoitaka ilitua kiganjani kabla sijaitaja. Tulifanya kazi hivyo mchana kutwa. Nilipofunga boliti ya mwisho alisema, "Basi nitakuja. Gari ni la zamani, haliwezi enda mbali bila fundi." Nilisikia neno nitakuja, nikachukua hilo tu, nikaenda nyumbani Lindi kupanga blanketi, maji na mkate.

Nilikuwa nimekwisha kuandika kila kitu kwenye daftari. Saa ya kuondoka, mahali pa kujaza mafuta, mahali ambapo pundamilia husimama kando ya barabara hata kabla ya kufika getini, upande gani wa gari utakuwa na mlima asubuhi, ili akae upande huo kwa jicho lake la kulia. Niliandika pia saa za matone yake. Nilidhani sijasahau kitu.

Siku ya kuondoka nilifika Kawangware jua likichomoza. Alikuwa tayari amesimama getini, amevaa ovaroli yake ya bluu iliyofuliwa na kupigwa pasi, na mkononi ameshika kisanduku chake cha vyombo. Hakuwa na begi jingine. Nilimfungulia mlango wa ubavuni, akaingia akipapasa, akapita viti vya katikati, akaenda kukaa kile cha nyuma kabisa, pembeni ya gurudumu la akiba. Kisanduku akakiweka magotini akakishika kwa mikono miwili.

"Baba, toka huko. Njoo hapa katikati."

"Hapa panatosha. Hapo ni pa wenyewe."

"Wenyewe ni nani?"

Aligeuza kichwa polepole, akipitisha lile bomba lake la kuonea kwenye kiti kimoja, kisha kingine, kisha kingine, kushoto na kulia. Vyote vilikuwa vitupu. Alivirudia tena kutoka mwanzo. Nilikwenda nikamnyang'anya kisanduku, nikakisukuma chini ya kiti, nikamvuta mkono mpaka katikati ya gari, nikamwambia asimame. Alisimama ameinama, kwa sababu paa lilikuwa limefungwa, na mkono wake ukapanda wenyewe mpaka kwenye komeo bila kukosea hata kidogo. Ukabaki hapo.

"Nifungue?" akauliza.

Paa alilikata yeye, komeo alilitia yeye, na alikuwa akiniomba ruhusa. Nilimwambia afungue, kwa sauti kali ambayo haikumstahili yeye, nikaenda mbele nikawasha gari.