Mashine Aliyoiacha Orwa

Miaka ile dhahabu ilipopamba moto Nyakunguru, hakukuwa na harusi wala mazishi ambayo Orwa hakuyapiga video. Kijana duara lake, yaani shimo lake la kuchimbia, likitema dhahabu, anaoa kwa kishindo, na Orwa yupo na kamera begani. Kijana huyohuyo kifusi kikimwangukia, Orwa yupo tena. Picha zote alizihifadhi nyumbani, ndani ya kompyuta moja kubwa iliyounganishwa na televisheni. Alipokufa kwa kifua, alimwachia mkewe Abonyo mashine hiyo pamoja na watu wote waliokuwa ndani yake.

Abonyo aliishia darasa la saba, lakini kuiwasha alijua, na kila ukoo alijua ulipo. Mtu akija akasema, "Mama Everlyne, leo nimemkumbuka baba," alimkaribisha kiti, akamtafutia baba yake. Hakumtoza mtu. Aliona ni utumishi tu, sawa na kufagia kanisa.

Yeye mwenyewe alikuwa na kipande kimoja. Orwa siku zote alikuwa nyuma ya kamera, kwa hiyo hakuonekana kwenye picha za mtu yeyote. Isipokuwa Krismasi moja, binti yao Everlyne alipoishika kamera, Orwa akaonekana uani anamenya ndizi, akacheka, akasema, "Abonyo, njoo na wewe uonekane." Basi. Jumapili baada ya ibada Abonyo alikuwa anakifungua, anakisikiliza, anafunga.

Sasa mashine ilikuwa imezeeka. Jirani alikuwa na karasha la kusagia mawe, na vumbi lake liliingia hadi kwenye unga. Kompyuta ikawa inachelewa kuwaka, inaguguna, inazimika yenyewe. Abonyo akauza mbuzi, akamwita Omondi, mtoto wa mdogo wake Orwa, fundi kule Migori.

"Shikamoo mamkubwa."

"Marahaba baba. Mgonjwa wako huyo."

Omondi alipolifungua kasha, vumbi la mawe likamwagika mezani. "Mamkubwa, hapa si mngechenjua dhahabu tu?" Abonyo akacheka mpaka akashika mbavu.

Omondi akaweka feni mpya, pawa saplai mpya, na diski mpya yenye nafasi kubwa. Kisha akainamisha sikio. "Hii diski ya zamani imechoka kabisa. Unaisikia vile inagonga? Nitaiacha ihamishe vitu kwa hii mpya polepole hadi kesho. Lakini usifungue kitu, mamkubwa. Hata wimbo mmoja. Ukiilazimisha kazi mbili itakufa. Tuanze na gani?"

"Anza na za kwaya, halafu za watu. Zile ni amana."

"Na ile ya baba mkubwa?"

"Iwe ya mwisho. Nitajipakuliaje kabla ya wageni?"

Omondi akaondoka kwenda kulala kwa ndugu zao Sirari. Abonyo akabaki anaangalia mstari wa kijani ukisogea kwenye kioo, taratibu kama konokono.

Alasiri zikasikika kelele kutoka mashimoni. Duara limeanguka. Jua linazama, akaingia Mokami, jirani yake, mama wa Kikurya, pekupeku, kitenge amekifunga ndani nje.

"Mama Everlyne, nionyeshe Mogesi."

Mogesi alikuwa kitinda mimba wake. Abonyo akajua, lakini akauliza. "Wamemtoa?"

"Hawajamtoa. Udongo unazidi kumeguka. Na wazee wamenikataza kulia. Wanasema nikilia kabla hajatolewa, nimemzika mwenyewe. Sasa nisipolia nifanye nini? Nionyeshe akicheza."

Abonyo akaangalia ule mstari. Ulikuwa bado haujafika kwa akina Mogesi. Ilimpasa amwambie arudi kesho. Lakini hakuwa amewahi kumrudisha mfiwa, na huyu hata kuitwa mfiwa alikuwa amenyimwa. Akasema moyoni, Bwana, ishikilie kidogo. Akafungua.

Mogesi akatokea kwenye harusi ya kaka yake Waitara, shati jeupe, anatikisa mabega.

"Huyo," Mokami akasema. "Ona hilo shati. Nilimwambia litachafuka, akaniambia mama, wewe kula nyama." Akacheka kidogo. "Rudisha nimwone tena."

Abonyo akarudisha. Picha ikaganda, Mogesi mkono juu. Ndani ya kasha diski ya zamani ikagonga, ikagonga, ikanyamaza. Mstari wa kijani ukasimama.

"Inatosha," Mokami akasema. "Mungu akubariki." Akatoka, akarudi mashimoni.

Asubuhi Omondi aliihangaikia ile diski, akachoka. "Si ungemwambia tu arudi leo, mamkubwa?"

"Ningemwambiaje, baba?"

Omondi akaichungulia ile diski mpya. Nyimbo za kwaya zilikuwemo, harusi za akina Wangwe, mazishi machache. Basi. Akasema ataibeba ile ya zamani, awaulize mafundi wakubwa, ila mamkubwa asiweke moyo huko. Abonyo akaifunga kwenye leso ya Orwa, akampa.

Omondi akapiga simu baadaye. Haikufunguka.

Wenye duara nao waliacha kuchimba. Shimo likafukiwa na Mogesi akiwa ndani, na wazee hawakukubaliana kama sasa mama yake aruhusiwe kulia au bado.

Jumapili Mokami akaja na mke wa Mogesi, mtoto mgongoni. "Tumekuja kumwona. Huyu mdogo asije akakua hamjui baba yake."

Abonyo akabonyeza. Zamani ungeweza kuchemsha chai ikiwa bado inawaka. Safari hii ikafunguka papo hapo, kioo kikang'aa, safi, Mogesi hayumo.

"Mokami, siku ile ndiyo ilikuwa ya mwisho," akasema. "Ilikufa tukimwangalia. Sina tena."

"Na Orwa wako?"

"Na yeye."

Mke wa Mogesi akamshusha mtoto mgongoni, akampakata. Mokami akaangalia kile kioo.

"Siku hizi inawaka haraka," akasema, kwa adabu tu.

"Ndiyo," Abonyo akajibu. "Haraka sana."