Vumbi Litanijibia

Tluway aliichukua pikapu ya marehemu kaka yake makande ya msiba yakiwa bado jikoni. Alisimama mbele ya waombolezaji wote wa Balangdalalu akasema, "Mwanamke hana gari. Gari ni la ukoo." Kisha akanyoosha mkono apewe funguo, kana kwamba anaomba chumvi.

Mjane, Gaudensia, alimpa. Angefanya nini, na macho ya ukoo mzima yako juu yake? Gari lile walilinunua yeye na Herman kwa vitunguu saumu, yeye akipalilia, mume akiuza. Alisema neno moja tu: "Nenda nalo, shemeji. Vumbi litanijibia."

Alijua anachosema. Barabara ya Getanuwas wakati wa kiangazi ni vumbi mpaka kwenye meno, na injini nayo inahitaji kupumua. Herman alikuwa dereva mzuri, lakini mvivu wa kufungua boneti. Kila Jumamosi Gaudensia ndiye aliyefungua kopo jeusi pembeni mwa injini, akatoa filta ya hewa, akaigongagonga taratibu kwenye tairi, akaipuliza kwa pampu ya baiskeli kutoka ndani kwenda nje, kisha akafuta kopo kwa kitambaa kibichi. Ikichoka kabisa, alinunua mpya Mbulu mjini. Tluway hakuwahi kuyaona hayo. Yeye alijua gari ni usukani na honi.

Kiangazi kikaingia, gari likaanza kukohoa. Lilitoa moshi mweusi, likabugia dizeli, na kwenye mlima wa kwenda Mbulu abiria walishuka wakalisukuma. Mafundi Tluway aliwakwepa, maana aliamini wote ni wezi wa vipuri.

Gaudensia alilisikia likipita akiwa shambani, na lilimuuma kama kusikia kifua cha Herman mwenyewe. Siku moja alitupa jembe akakimbilia barabarani amwambie. Tluway alipomwona alipiga honi, ampishe. Basi akarudi kwenye jembe lake. Tangu hapo aliomba vumbi liongezeke, na hata kanisani aliomba hivyo hivyo, Mungu amsamehe.

Watu nao wakakumbuka maneno ya msibani. Wakasema mjane amelilaani gari, na abiria wakalikimbia. Gaudensia akiulizwa alinyamaza, na hakuna kinachokuza maneno kama kunyamaza.

Jumapili moja baada ya misa, gari lilijikokota mpaka uani kwake. Tluway alishuka na kondoo wa kuombea msamaha, akifuatana na Mzee Akonaay, mkubwa wa ukoo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti yangu. Mfungulie huyu mdogo wa mumeo. Neno lako limemshika."

"Kwanza alichosema msibani akigeuze," alisema Gaudensia. "Mbele ya watu walewale."

Majirani wakaitwa. Tluway alitazama chini. "Gari ni la Gaudensia," alisema. "Nilimnyang'anya." Akamwekea funguo mkononi.

Gaudensia hakusali wala hakunyunyiza maji. Alifungua boneti, akatoa filta iliyojaa udongo hadi kwenye mikunjo, akaigonga kwenye tairi. Vumbi jekundu likamwagikia viatu vya kanisani vya Tluway. Akaipuliza kwa pampu, akairudisha, akawasha gari. Lilitema moshi kidogo, kisha likanguruma vizuri.

"Laana ndiyo hiyo, shemeji. Iko kwenye viatu vyako."

Mzee Akonaay alicheka mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili. Tluway hakucheka.

"Ulijua muda wote huu?"

"Nilijua."

"Na hukuniambia?"

"Mwanamke hana gari," alisema Gaudensia. "Angejuaje mambo ya gari?"

Tluway aliondoka kwa miguu, na kwake ni mbali. Baadaye Gaudensia alipakia magunia ya mahindi akashika barabara ileile. Alimkuta karibu na korongo, viatu mkononi. Kiti cha mbele kilikuwa wazi, na Tluway alishainua mkono kusimamisha gari.

Gaudensia alipandisha kioo, akapiga honi ampishe, akakanyaga mafuta.